Maji ya Mheshimiwa

Kila asubuhi mheshimiwa wa zamani huingia hotelini kwa Kabale, hapo mtaani Wabera, akitoa salaam aleikum meza kwa meza kama mtu anayeomba kura, ingawa mahakama ilishamfungia mlango wa siasa. Kilichomng'oa katika bunge la kaunti ni kisima cha Oldonyiro, kile kilicholipiwa chote na kisichimbwe hata shimo la panya. Kabale humtambua kwa mikono: minene, laini, haijui kutulia. Mara iko begani kwa huyu, mara inapangusa vumbi kwenye koti la yule. Ukimlalamikia lolote, hata chai kukosa tangawizi, atakuitikia kwa sauti ya mkutanoni, "Hilo nitalifuatilia," naye Kabale hukimbilia nyuma ya jiko acheke.

Jana aliingia mzee mfugaji kutoka Oldonyiro, vumbi la mnadani mpaka kwenye kope, akaagiza nyama na kuomba maji ya kunawa. Kabla Kabale hajageuka, mheshimiwa alishadaka jagi na beseni, akainama kummiminia. Mzee akamtazama usoni, akamtambua.

"Mimina tu, Mheshimiwa," akamwambia kwa upole. "Haya ndiyo maji yako ya kwanza kutufikia."

Hoteli nzima iliangua kicheko. Kabale akangoja kusikia kwamba hilo nalo litafuatiliwa. Wapi! Mheshimiwa aliendelea kumimina, na mzee, ambaye mikono yake ilikuwa imetakata kitambo, hakuiondoa mpaka jagi likaisha.