Msomaji wa Mwendapole

Mafuta ya cherehani yana harufu yake, nyembamba na tamu kidogo, isiyofanana na ya mafuta ya taa wala ya kupikia. Juzi fundi alidondosha tone moja kwenye bawaba za mlango wa ofisi yangu, na kalamu ikabaki hewani. Nilikuwa tena na miaka kumi, nimekaa juu ya furushi la vitambaa sokoni Handeni, namsomea baba gazeti.

Baba alikuwa fundi cherehani, Mzigua wa Sindeni, mtu wa maneno machache. Starehe yake ilikuwa moja tu, mbio za magari. Msinicheke. Wenzake walikuwa na mpira, yeye alikuwa na dereva mmoja ambaye hawakuwahi hata kusalimiana. Magazeti yalitufikia kwa basi la Korogwe, yamechelewa siku moja au mbili, na kila lenye habari za mbio baba alilinunua, akanikabidhi mimi. "Nisomee wewe, Mwanaidi," alisema. "Ukisoma wewe hata gari lenyewe nalisikia." Nilivimba kichwa, mtoto wa darasa la nne. Kutia uzi kwenye sindano nako kulikuwa kazi yangu, na nilidhani nimepewa cheo.

Dereva huyo mashabiki walimwita Mwendapole. Jina la ajabu kwa mtu aliyekuwa akiwaacha wenzake, lakini waliowahi kumwona akiendesha walilielewa. Madereva wengine walifika konani wanapigana na usukani, gari linakwenda mgongo upande, watu wanapiga miluzi. Yeye alikanyaga breki mapema, kona ingali mbali, akageuza bila fujo, na kabla vumbi halijatua alikuwa ameshapotea. Baba akieleza jambo hilo aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Anaingia konani kama mkwe anayeingia ukweni," alisema. "Anatoka kama mkwe huyo huyo aliyeambiwa mbuzi wake wamo shambani kwa watu." Historia yake yote baba aliijua: alivyoanza na gari la kuazima, alivyopinduka mara mbili ujanani, watu wakasema amekwisha, naye akarudi akiwa ametulia. Nilipomaliza kusoma aliniomba nirudie pale palipoandikwa kona.

Lakini kilichomkaa moyoni zaidi ni neno moja. Gazeti liliandika kwamba Mwendapole hukaa garini na "msomaji wake". Kwetu sisi msomaji ni mtu wa Kurani, anayealikwa kwenye maulidi na hitima, akala wali wa kwanza. Hatukuwa na sababu ya kufikiri vingine. Baba akatoa hukumu kwamba yule mtu husoma Yasini tangu mbio zinapoanza mpaka zinapokwisha, na utulivu wote wa Mwendapole unatoka hapo. Upande wetu wa soko ukaamini.

Aliyekataa ni Mzee Shekiondo, Mshambaa wa Lutindi, aliyeuza viazi na kabichi kwenye meza jirani. Alikuwa Mkristo, alikuwa mtani wa baba, na alikuwa shabiki wa dereva mwingine mwenye gari jekundu, yule wa kupiga kona kwa makelele.

"Yasini ninyi mnamsomea mgonjwa mahututi," alisema. "Huyo wenu anaumwa nini?"

"Mwenda pole hajikwai," baba alijibu, akaendelea kushona.

Mzee Shekiondo hakuwa na huruma kwenye utani. Alitania kofia ya baba, baiskeli ya baba, Kishambaa kibovu cha baba. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Mwaka huo mbio zilipangwa kupita Sindeni, kwa barabara ya vumbi ya kutoka Korogwe. Baba alifunga kazi. Alinipakia nyuma ya baiskeli tukaondoka asubuhi, na njiani tuliingia mashimo mengi kuliko kawaida. Mara mbili nilidondoka. Nilifikiri ni furaha inamharakisha. Tulimkuta Mzee Shekiondo ameshafika kwenye kona kubwa nje ya kijiji, amevaa suruali mpya aliyoshonewa na baba.

Gari la kwanza lilitanguliwa na mngurumo, kisha ukuta wa vumbi. Baba akasimama. Akavua kofia, akaipunga juu, akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mwendapole! Mwendapole!" Likapita gari jekundu.

Watu walicheka. Mzee Shekiondo alicheka kuliko wote. "Jamani, Mzigua amehama chama," alianza. Halafu alimtazama baba usoni, akaacha. Baba alikuwa bado anaipunga kofia, anatabasamu, anaangalia mahali ambapo gari halikuwepo.

Sikujua cha kufanya. Nilimvuta kanzu. "Baba, lile ni jekundu," nikanong'ona. Akaivaa kofia yake polepole, akakaa chini.

Gari la bluu la Mwendapole lilikuja baadaye, linachechemea, gurudumu la mbele limepasuka. Likasimama hatua chache kutoka tulipokaa. Dereva akashuka, mtu mfupi wa makamo, akaanza kufungua nati kana kwamba yuko nyumbani kwake siku ya Jumapili. Mwenzake akaweka daftari juu ya boneti akaenda kutoa gurudumu la akiba. Na mimi, mwanafunzi wa madrasa, nikasogea kuiona Yasini.

Haikuwa Yasini. Ilikuwa mishale, namba, na maneno mafupi yaliyoandikwa kwa haraka.

"Shikamoo," nilisema. "Unamsomea nini?"

"Marahaba. Namsomea njia," alijibu yule mtu, bila kunicheka. "Kwenye vumbi hili haoni mbele. Nikimwambia kona ya kulia, ina mawe, anageuza. Ananiamini mimi, basi."

"Na ukikosea?"

Dereva mwenyewe ndiye aliyejibu, bado ameinama. "Tunakosea wote wawili."

Nilirudi mbio nikamweleza baba kila neno. Nilidhani atasikitika kwamba si Yasini. Gari likaondoka, watu wakaanza kutawanyika. Kisha akaniuliza, "Kumbe haoni mbele?"

"Haoni, baba. Anasomewa."

Wakati wa kurudi hakunikalisha nyuma. Aliniweka mbele, juu ya bomba la baiskeli, akashika usukani, mikono yake huku na huku yangu. "Basi na wewe nisomee," alisema. Nikamsomea. Kulia, mchanga. Kushoto, shimo. Mbuzi, baba, mbuzi watatu. Nilifurahi mno, nikajiona nimo garini, na hatukuanguka hata mara moja mpaka Handeni. Karibu na nyumbani alisimama. "Mwanaidi, macho yangu yameharibika," alisema. "Usimwambie mama yako. Nitamwambia mwenyewe leo."

Na alimwambia, kabla ya chakula, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Mama aliketi chini akalia. Hospitalini Korogwe walisema ni presha ya macho, na yaliyokwisha kupotea hayatarudi. Mama ndiye aliyejifunza cherehani. Baba alikaa kando yake, akipapasa mishono kwa vidole, akimwambia wapi imepinda.

Nilikuwa mtu mzima nilipoikumbuka suruali ya Mzee Shekiondo siku ile ya mbio. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine, inchi mbili nzima. Mtu asiyeacha kitu bila kukitania aliivaa suruali ile sokoni miaka, na hakusema neno. Alijua kabla ya mama, na kabla yangu mimi niliyekuwa nikitia uzi. Nampenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Na kuhusu baba, nilidhani kwa miaka mingi kwamba alimhusudu Mwendapole kwa kutojali hatari. Sivyo. Kuendesha bila kuona baba alikuwa akikuweza peke yake, mashimoni, na mtoto nyuma. Alichokuwa bado hajakiweza ni kumwambia mtu, nisomee.

Siku hizi mimi ndiye ninayemwendesha kwenda kliniki Korogwe. Barabara ni lami. Baba hukaa kando yangu, kofia magotini, na tukikaribia Sindeni huinua kidole.

"Kulia," anasema. "Kona kubwa. Mawe."

Kona ile haipo, waliinyoosha walipotia lami. Mbele yetu njia imenyooka mpaka mwisho wa macho. Mimi hukanyaga breki mapema.

"Nimesikia, baba," namwambia, nasi tunaingia taratibu.