Niliisifu Nakuru Kwenye Matanga ya Mama

Watu walicheka kwenye matanga ya mama yangu, na aliyewachekesha ni mimi. Nalisema mwenyewe mapema, maana hapa Munuki, mtaa wetu wa Juba, bado kuna wanawake ambao wakiniona dukani wanafunika mdomo, na sitaki mlisikie kwao.

Mama na mimi tulikuwa tunakaa chumba kimoja cha mabati kwa Mama Jokudu, mwenye nyumba wetu, pamoja na wapangaji wengine watano. Choo ni kimoja, mfereji hakuna, maji tunanunua kwa pipa kutoka kwa lori, na kodi ni ya dola, tena noti ikiwa na alama ya kalamu anakurudishia. Mama alipofariki watu walikuja kukaa nami siku kadhaa, huku tunaita bika, wanaume kwenye viti chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka, na chai haikomi. Basi siku ya pili, nikiwa sijaweza hata kumeza uji, Mama Jokudu akanivuta kando.

"Poni, pole sana mtoto yangu. Lakini hii watu yako inajaza choo yangu. Utaongeza kitu kwa kodi."

Mimi si mtu wa maneno (niliishia darasa la saba, na mbele ya watu huwa natazama miguu yangu). Lakini ile hasira niliyoimeza ilikaa hapa kifuani, ikakataa kushuka.

Siku ya tatu ilikuwa ya sala. Wengi waliokuja ni sisi tuliolelewa Kenya (mimi na mama tulikaa Nakuru), kwa hiyo ibada ilikuwa ya Kiswahili, na mchungaji alileta kipaza sauti kwa sababu ya kelele za bodaboda. Mwishoni akauliza kama mfiwa ana neno. Ningetikisa kichwa tu yangeisha. Nikasimama. Nilitaka kusema asante, na nilisema, asante mchungaji, asante majirani mlioleta sukari, kisha nikamwona Mama Jokudu kwenye kiti cha mbele kabisa anakoroga ile sukari, kijiko cha nne, nikashindwa kujizuia.

"Mama yangu yuko kaburini," nikasema, "na mimi nalipishwa choo cha wanaomlilia!"

Watu wakaguna. Mtu akapaza sauti, "Sema, dada!" Na mimi, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kuambiwa sema, nikasema. Nikasema hapa tunalipa dola hamsini kwa mabati yanayotukaanga mchana kama mandazi, na kwa pesa hiyo Nakuru unapata chumba cha mawe, stima, na maji unafungua mfereji tu yanakuja, nikaingia kwenye unga, mafuta, mkaa, nauli, vyote nikavilinganisha, na kila nilichotaja watu waliitikia kama kwaya. Ningeishia hapo (yote hayo ni kweli, muulize yeyote). Lakini kuitikiwa kuna utamu wake, nikaongeza moja.

"Na mwenye nyumba wetu wa Nakuru alikuwa na utu! Alimheshimu mama yangu!"

Kwenye mikeka alikuwepo Mama Wambui, Mkenya anayepika hoteli moja hapa Juba, ambaye kule Nakuru tulikaa naye ploti moja. Hana ubaya, ila mdomo wake hauna breki.

"Poni," akauliza, "si ndiye yule aliwang'olea mlango?"

Picha ya mama ilikuwa mezani, inanitazama. Kudanganya mara ya pili mbele yake sikuweza.

"Ndiye," nikasema, kipaza sauti kiko mdomoni. Na kwa kuchanganyikiwa nikaeleza yote, kwamba kodi ilichelewa, kwamba tulitoka kanisani tukakuta fremu tupu, mlango kaufungia stoo, na mama akatundika leso yake ya zambarau, kanga ya kujifunga, pale siku kumi na moja, na kila mgeni alipotaka kuingia mama alimrudisha nje apige hodi kwenye leso.

Hapo ndipo walipocheka, mchungaji pia. Mama Jokudu akasimama na kijiko chake.

"Ya jamaa, mmesikia? Mimi ni mbaya, sawa. Lakini mimi nilitoa mlango ya nani? Nani? Rudi Nakuru, Poni, ukalale na leso!"

Wakampigia makofi. Walewale walioniitikia mimi! Nikakaa chini, na choo nililipa.

Kicheko ningekizoea. Lakini watu walipokuwa wakitawanyika, Mama Jokudu aliinama karibu yangu, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza unavyopika pilau, "Na hiyo mlango, alitoa namna gani? Polisi hapana kuja?"

Nikamjibu ukweli, Mungu anisamehe. "Mlango ni wake. Alifungua bawaba tu."

Wiki mbili baadaye Mwalimu Wani wa chumba cha pili, ambaye mshahara wake haujaingia miezi na miezi, alirudi kutoka shuleni akakuta fremu tupu. Alisimama pale na daftari za wanafunzi mkononi.

"Dada Poni," akasema, "hili ndilo lile la Nakuru?"

"Ndilo."

Maji ya mfereji sikuleta, stima sikuleta, nyumba za mawe zimebaki kule. Nilicholeta Juba ni hicho. Sasa mtu akiniuliza wapi afadhali, nainuka naenda zangu, na kipaza sauti sitakishika tena maisha yangu yote, hata nikiambiwa nimshukuru Mungu.

Siku ile niliingia ndani nikafungua mfuko wa nguo za mama, ambao sikuwa nimeugusa tangu tumzike, nikatoa leso ya zambarau, nikamtundikia mwalimu mlangoni. Jioni nilimpelekea chai. Nikasimama nje, nikapiga hodi kwenye leso, nikangoja anikaribishe.