Siku nilikatala kumuvalisha bwana yangu, njo tukapata pension yake

Bakubwa ba hapa, jambo yenu bote. Miye mama muzee wa Lubumbashi. Hii habari iko ya kweli, nilikuwa mule ndani mwenyewe. Mwenye kusema nadanganya akuye nyumbani, tuangaliane mu macho.

Naona munalia hapa juu ya pension ya bulemavu. Dossier, makaratasi yenu, inakataliwa mara moja, munavunjika moyo. Aba! Munisikilize kwanza.

Ilikuwa wakati wa Babeleji, muji wetu ikiitwa Élisabethville. Bwana yangu Mutombo alikuwa anatumika mu mine, kule banachimba shaba. Siku moja jiwe ikamuvunja mukono wa kuume. Ikapona ku macho, mais vidole yote ikakufa. Hata kijiko hakuweza kushika.

Na nyumba ya kampi ya mine iko ya mutu wa kazi. Hauna kazi, hauna pension, banakurudisha ku village. Batoto yetu balikuwa mu masomo.

Siku ya kuonana na monganga muzungu, nikamupigia shati pasi. Nikamufunga vifungo, karavati, kamba za viatu. Mukono nikautia mu mufuko. Yo, alipendeza yule mwanaume!

Monganga akamuuliza: "Unaweza kazi?"

"Ndiyo, bwana."

Ee Mungu wangu! Mais musimucheke. Banaume ba kampi, mbele ya muzungu, balijua paka jibu moja tu: ndiyo. Monganga akaandika: amepona, pension hapana.

Jirani yetu Papa Kabeya, mutu wa Kasai mwenye kujua Kifaransa, akaomba bamuangalie Mutombo tena. Bakakubali. Kisha akaniita miye, hapana bwana yangu.

"Mama, nani alimuvalisha?"

"Miye, muke yake."

"Basi ni weye ulificha bulemavu. Safari hii avae mwenyewe."

Nilikasirika sana! Kampi itasema nini, muke wa Mutombo amekuwa muvivu? Mais asubui ile nikakaa ku jiko, nikamupa mugongo. Namusikia anapigana na shati, anatukana kifungo. Nililia, sikugeuka.

Akaenda vile vile, shati wazi, kamba za viatu inaburuta chini. Papa Kabeya aliingia naye, njo alinielezea. Monganga akauliza tena:

"Unaweza kazi?"

"Ndiyo, bwana." Tabia haina dawa!

Monganga akaangalia shati, akaangalia viatu. "Funga kiatu."

Mutombo akainama. Akajaribu, akajaribu, jasho ikatoka. Halafu akasema neno hakusemaka hata siku moja mbele ya muzungu: "Hapana, bwana. Siwezi."

Pension tulipata. Batoto bakamaliza masomo.

Donc bakubwa, kule ku commission, mbele ya bamonganga ba pension, musiende kupendeza. Muende vile munaamuka. Na weye mwenye kumuuguza, siku ile jikaze, mikono yako ikae kimya.

Benye kupitia hii njia, mulifanya namna gani? Muandike, miwani yangu iko hapa.

Ah, nilisahau. Mbele ya siku ile, nikimufunga vifungo alikuwa anaangalia ukuta. Kesho yake nikamufunga, akaniangalia miye.