Kisigino Kinasemaje, Elisaria?

Enzi za Mwingereza, mlimani, juu kidogo ya kijiji cha Maji ya Chai, Jumapili ilitangazwa na tarumbeta ya Elisaria. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mrefu, mwenye mashavu ya chura wa masika. Akipuliza kanisani, hata mbuzi wa wasiobatizwa waliacha kula.

Kisha zikaja fimbo. Amri ilikuwa kila mwenye kahawa apogoe miti yake kwa wakati, na Elisaria alichelewa kwa sababu ya harusi ya shemeji. Baraza likamhukumu viboko hadharani, siku ya soko, suruali magotini. Maumivu aliyasahau upesi. Lakini alipoinua uso kutoka kwenye benchi, aliona mkungu wa ndizi katikati ya umati, na chini ya mkungu uso wa Magdalena, mama mkwe wake.

Kwa mila ya pale, mkwe na mama mkwe huepukana njiani, na mkwe kula mbele yake ni kukosa adabu. Sasa mama mkwe huyu alikuwa ameonyeshwa makubwa kuliko chakula.

Tangu siku hiyo, kila Elisaria alipoinua tarumbeta mbele ya watu, mabega yalipanda hadi masikioni, pumzi ikakwama, na chombo kikatoa sauti ya ndama aliyebanwa na mlango. Alisali. Alitafuna tangawizi. Mwishowe mwalimu wa kwaya akamwambia kwa upole kwamba asipoweza kupiga Sikukuu ya Mavuno, tarumbeta, ambayo ilikuwa mali ya kanisa, atapewa Gidion. Gidion, jirani yake, alikwisha kuanza kutembea barabarani ameibinua midomo tayari.

Ndipo shangazi yake Tabea akamwita. Alikuwa mjane, na sifa yake mlimani ilikuwa kukamua ng'ombe walioshindikana kwa mateke.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Vua viatu."

Alimwonyesha mfereji wa kuoshea kahawa. Buni zilizolala kwenye pipa baada ya kumenywa zilimwagwa humo, zinateleza, zikingoja kukanyagwa mpaka utelezi uishe.

"Kanyaga. Kisigino kinasemaje?"

"Shangazi, shida yangu iko kifuani."

"Kifua nitakifikia. Naanzia huko chini, maana huko hawakukuchapa."

Elisaria akakanyaga. "Kinasema maji ni ya baridi."

"Hayo yamesemwa na kichwa, kinachojua maji yanatoka mlimani. Nimeuliza kisigino."

Akasimama, akasikiliza. "Kuna utelezi. Na buni moja inanichoma hapa katikati ya unyayo."

"Eeh. Sasa mmefahamiana."

Siku zilizofuata wakapanda pole pole: goti, tumbo, mbavu. Majirani wakacheka mpaka wakashika viuno, maana kahawa ya Tabea iling'aa kama meno na hakuwa amelipa kibarua.

"Elisaria!" Gidion akaita kutoka njiani. "Ukimaliza za shangazi, za mama yangu ziko kwenye pipa!"

Siku moja, bila onyo, Tabea akasema, "Magdalena."

Mabega yakaruka.

"Yamefanya nini hayo?"

"Yamepanda. Uso unawaka. Tumbo limejikunja kama ngumi."

"Usiyashushe. Yaangalie tu. Ng'ombe mwoga ukimvuta atakupiga teke. Mwekee kiganja ubavuni, ungoje, atashusha maziwa mwenyewe."

"Mimi si ng'ombe, shangazi."

"Najua. Ng'ombe angekuwa amepona jana. Rudi kisiginoni."

Akarudi. Joto likapanda hadi masikioni, likakaa huko kama mgeni asiyeaga, kisha likaanza kupungua, kama mvua inayohamia upande wa pili, Momela. Pumzi ikashuka yenyewe. Pamoja nayo yakashuka machozi, na Tabea akajifanya anatafuta ungo.

Baada ya hapo hakumhurumia. Anachambua maharage, anamrushia: "Benchi!" Anafukuza kuku: "Suruali! Magdalena!" Mpaka siku Elisaria alipocheka akakaa kitako majini.

Sikukuu ya Mavuno ikafika. Elisaria alisimama mbele ya kanisa bila viatu, mwalimu akamkazia macho. Magdalena alikuwa safu ya wanawake. Mabega yakapanda. Elisaria hakuyafukuza. Saruji ilikuwa ya baridi, kisigino cha kulia kilikanyaga chembe ya mchanga, naye akaisikiliza. Kanisa lote likangoja. Gidion akalamba midomo.

Pumzi ikashuka. Sauti ya kwanza ilitetemeka, ya pili ikasimama, ya tatu ikatoka nje kuwatafuta mbuzi.

Baada ya ibada mazao ya sadaka yalipigwa mnada uwanjani. Magdalena akasogea na mkungu wake, akampa mkwewe mgongo kama mila inavyotaka, akasema na Tabea kwa sauti ya kusikika.

"Mwambie mkwe wangu, siku ile nilifumba macho."

"Yote mawili?"

Magdalena akatafakari. Walikuwa kwenye uwanja wa kanisa.

"Moja."

Mabega ya Elisaria yakaanza safari yao. Katikati ya njia yakakutana na kicheko kinachotoka tumboni, yakakipisha. Magdalena naye akatikisika, mpaka ndizi mbili zikadondoka kwenye mkungu.

Tabea hakucheka. Alikuwa akimtazama Gidion, aliyejiinamia peke yake kando ya ukuta.

"Maskini, ona mabega yake," akasema. "Mwambieni aje kesho asubuhi. Pipa limejaa."