Katibu Mwanamume

Kikundi kilikuwa na wanawake ishirini na wawili, na katibu wao alikuwa mwanamume. Miaka ile ya tisini hilo halikuwa jambo la ajabu. Nilizunguka Ruiru na Thika nikitembelea vikundi vya wanawake, na karibu kila mahali nilimkuta mzee fulani ameketi kando ya mwenyekiti, kalamu mfukoni, kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika barua ya kupeleka ofisini.

Niliajiriwa na mfuko mdogo wa Nairobi uliosaidia vikundi hivyo. Sikuipata kazi kwa vyeti. Niliacha shule darasa la saba, nikachuma kahawa, nikauza mitumba Makongeni, nikaosha vyombo katika hoteli moja Juja. Nikishaelewa mambo ya mahali yanavyokwenda, nilihama. Siku moja niliingia ukumbi wa kanisa pale Thika kujikinga na mvua, nikakuta mkutano wa wanawake, nikauliza maswali mpaka mama mmoja wa huo mfuko akasema, "Wewe, badala ya kutusumbua bure, njoo tukulipe uulize." Kufikia wakati ninaousimulia nilikuwa nimeuliza kwa miaka minne, na nilikuwa nimechoka.

Kikundi chenyewe kilikuwa mtaa wa Gitothua, Ruiru. Wengi wao walichuma kahawa katika mashamba makubwa, na walitaka kitu kimoja tu: chumba cha kuwaachia watoto. Mtoto alilazwa juu ya gunia katikati ya mikahawa, na siku ya kupiga dawa hakuna aliyeuliza kama yuko. Mama mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini, alikuwa na mapacha. Mmoja wao macho yalikuwa mekundu tangu msimu uliopita. Kliniki walimwambia asimrudishe shambani. Hawakumwambia amwache na nani.

Mfuko ulikubali kusaidia kwa sharti kwamba viongozi wote wawe wanawake. Nililifikisha sharti hilo huku katibu mwenyewe akinisikiliza.

"Tumfukuze mzee?" mwenyekiti akaniuliza. "Na barua tutaandikiwa na nani? Wewe?"

"Huyu dada mwandiko wake ni kama kuku amepita," mwingine akasema, wakacheka.

Mzee alikuwa karani wa kiwanda cha nguo kabla ya kustaafu. Aliandika Kiingereza kwa herufi zilizolala upande mmoja kama nyasi kwenye upepo. Alifunga daftari lake taratibu. "Nilikuwa nasikia hii maneno ya mkutano wa wanawake wa Beijing kwa redio," akasema. "Kumbe imefika mpaka kwa daftari yangu."

Ningeweza kukaa nao siku kadhaa tukalizungumza. Badala yake nilitafuta njia ya mkato. Tumwandike mama wa mapacha kuwa katibu, nikasema, kwa kuwa anasoma gumbaru, darasa la watu wazima, na anajua kutia sahihi. Mzee aendelee kuandika kama kawaida. Wote walikubali. Mzee alisema hana neno. Mama wa mapacha hakuna aliyemuuliza. Nilirudi Makongeni nikalala vizuri.

Wiki mbili baadaye afisa alikuja kutoka Nairobi, mama wa makamo, asiye na haraka. Wanawake walimwimbia, wakampa chai na mukimo, wakaomba. Kisha afisa akasema, "Haya, katibu atusomee kumbukumbu za mkutano uliopita."

Nilikuwa nimehudhuria mikutano isiyohesabika, na yote ilianza hivyo. Sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Mzee, aliyeketi karibu na mlango, alilipitisha daftari mkono kwa mkono. Mama wa mapacha alisimama akalifungua. Herufi alizijua, mojamoja, kwa Kikuyu na Kiswahili. Alikitazama kile Kiingereza kilicholala. Mwenyekiti akakohoa. Mimi nilitazama ndani ya kikombe changu.

Akalifunga. "Wacha niseme tu," akasema. "Nilikuwa hapa."

Akasema. Nani aliomba, nani alichelewa na kwa nini, ugomvi wa viti ulivyoanza na ulivyoisha. Hakuruka kitu. Kisha sauti yake ikashuka zaidi. "Halafu nikasema bwana yangu alinipiga kwa sababu nilikataa kupeleka mtoto shamba. Wamama watano wakasema hata wao wanapigwa. Tukaongea hiyo maneno mpaka chai ikapoa. Katibu akasema hiyo haiandikwi, ni ya nyumbani. Kwa hivyo hapa haiko."

"Wewe ni katibu tangu lini?" afisa akauliza.

"Tangu wiki mbili. Huyu dada alisema tuandike jina langu ndio tupate chumba."

Mzee alisimama. "Nilikuwa nachunga heshima yenu."

"Tunajua, guka," mtu akasema kutoka nyuma. "Lakini nani alikutuma?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Nje, afisa aliniuliza ni vikundi vingapi nimevipanga namna hiyo. Nikamwambia vitatu. Hakunikemea, na ingekuwa rahisi kwangu kama angenikemea. Miaka minne nilikuwa nikipeleka Nairobi ripoti nilizozitoa kwenye madaftari ya wazee kama huyu. Nilijiona muulizaji mkubwa, kumbe nilimuuliza mwenye kalamu tu, na nikafurahi kwamba kazi ya kuandika ilikuwa imeshafanywa.

Mfuko uliamua kusubiri miezi mitatu, kikundi kipate kwanza katibu wa kweli. "Miezi mitatu ndiyo msimu wote wa kahawa," mama wa mapacha akaniambia. Hakulia wala kunilaumu. Alinipa mgongo akaenda kuongea na wenzake.

Hawakusubiri. Kila siku mama mmoja alibaki na watoto nyumbani kwa mwenyekiti, na wenzake shambani wakachuma debe moja kwa jina lake. Hakuna mtu wa mfuko aliyewafundisha hilo. Mimi nililijua nilipopita huko kwa aibu, baada ya kukaa mbali karibu mwezi mzima.

Ilikuwa zamu ya mama wa mapacha. Watoto kumi na mmoja walijaa sakafuni. Yule wa macho alikuwa amelala kwenye shuka, kope zake bado zina wekundu kidogo. Mama yake alikuwa na daftari jipya gotini na alikuwa amefika mstari wa nne.

"Mzee yuko wapi?" nikauliza.

"Alikataa kuja. Tulienda kumwomba mara mbili." Aliandika neno, akalitazama. "Tunamkosa. Lakini hii ya leo ni ya nyumbani, hangeandika."

Nilianza kueleza kwamba nimepita tu, kwamba natakiwa Thika kabla ya saa nane. Hakuinua uso.

"Kaa chini, dada," akasema. "Na ushike huyo anayelia, nimalize."

Nilimshika. Alikuwa mzito na alinuka mkojo. Nilikaa naye mpaka wachumaji waliporudi.