Nimekwangua kaburi ya watu

Watu wangu, nisaidieni.

Leo nilikuwa Luanda Kotieno natafuta laikeni, ule ukoko mkavu unaoota juu ya mawe. Kujua ni aina gani, lazima uone spora zake, zile chembe inazozaliana nazo, kwa hadubini na ujue umeota juu ya nini.

Nikaona ukoko wa manjano kwa saruji kando ya boma moja. Nikainama, nikakwangua.

"Unachukua nini kwa kaburi ya bwana yangu?"

Mama mwenye boma, nyuma yangu!

Nikasema ni masomo. Nikarudisha yote. Akaita majirani, kisha akaniuliza mbele yao jina langu na kwetu.

Sasa nimerudi kwangu mtaani Manyatta, na unga wa manjano bado uko chini ya kucha. Mtu wa boma ile akiumwa hata kichwa tu, watasema ni mimi nimemroga.

Niambieni, nirudishe huu unga kaburini ama ninawe?