Mwendo wa Saa Moja hadi Entebbe

Tangu Jumanne, kwenye karakana za Gisozi, benchi la Bayingana liko kimya. Mashine za jirani zinanguruma na vumbi la mbao linatua juu ya randa yake, na hakuna anayeligusa.

Jumatatu mdogo wake Shyaka alipiga simu kutoka Uganda, walikozaliwa wote wawili. Mama yao amefariki. Mazishi ni kesho saa nane mchana, Kisubi, karibu na Entebbe, na padri ana mazishi mengine baadaye.

Miaka mingi nyuma mama alikuwa amemwambia Bayingana, "Wewe ni seremala. Kifuniko cha jeneza langu asikifunge mtu mwingine." Naye aliahidi.

Siku zote alikwenda kwao kwa basi, kupitia mpaka wa Gatuna, saa kumi au zaidi. Safari hii binti yake Christella alimkataza kwa ajili ya mgongo wake, akamkatia tiketi ya ndege.

"Inaondoka saa sita kamili, Baba. Kilomita mia tatu na arobaini hivi. Saa moja tu angani."

Akapiga hesabu kwa penseli juu ya ubao: saa saba Entebbe, saa saba na nusu Kisubi. Angepata nusu saa ya kumtazama mama.

"Ukisikia joto usiwaombe wafungue dirisha," alisema Damascène, fundi wa benchi la pili, na Bayingana akatabasamu kidogo.

Ndege ilikuwa tayari juu ya ziwa pale abiria wa kando yake, mwanamke mfanyabiashara wa nguo aitwaye Gahongayire, alipoanza kusogeza mshale wa saa yake.

"Mama, imeharibika?"

"Hapana, mzee. Kule wametutangulia saa moja. Hukujua?"

Alijua. Amekulia huko. Lakini ndani ya basi saa hiyo moja ya tofauti ilimezwa na usingizi na foleni ya mpakani, na nyumbani walimpokea wakati wowote aliofika. Angani ilikuwa ndefu kama safari nzima.

"Tunatua saa ngapi, kwa saa yao?"

"Saa nane."

"Naweza kupiga simu?"

"Humu? Labda umpigie Mungu." Kisha akaiona mikono ya Bayingana ilivyoukaza mkanda wa kiti, akaacha utani.

Uwanjani Entebbe foleni ya kukagua vitambulisho haikusogea. Alipiga simu mara nne. Shyaka alipokea saa nane na dakika ishirini na tano.

"Kaka, uko wapi?"

"Uwanjani. Msifunge."

Nyuma ya Shyaka watu walikuwa wakiimba.

"Padri alisubiri robo saa. Nimefunga mimi, kaka. Nilidhani hutakuja."

Alikwenda kwa pikipiki. Alipofika, vijana walikuwa wanasawazisha udongo kwa migongo ya majembe.

Leo ni Ijumaa. Bayingana yuko Kisubi, katika nyumba ya mama yake, na atakaa huko mpaka matanga yaondolewe.